Unga wa Siku Moja: Kwenye Njia ya Kale ya Masasi na Newala

Karl Weule aliondoka Lindi Julai 1906 akielekea bara kwa miguu. Nyuma yake walimfuata wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba, pamoja na mahema na vyakula, mashine ya kunasa sauti na kamera ya picha zinazotembea. Alikuwa mtu wa makumbusho kutoka Leipzig, aliyekuja kuandika habari za Wamakua, Wayao na Wamakonde. Wakati wenyewe haukuwa wa kutembea kwa raha. Vita ya Majimaji ilikuwa imepita njia hiyohiyo mwaka uliotangulia, na misheni za Wabenediktini za Nyangao na Lukuledi zilikuwa zimeteketezwa. Weule alifika Masasi, akaenda Chingulungulu kwa Matola, sultani wa Kiyao, kisha akapanda Newala. Kitabu chake kilichapwa Leipzig mwaka 1908. Ukikisoma ukiwa umekaa Newala utashangaa kuona kwamba aliyoyalalamikia bado yanalalamikiwa: upepo wa ukingoni, vumbi, na maji.

Njia ilikuwa kongwe kabla yake. Misafara ya pembe na watumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa ilishukia huku ikienda Lindi, Mikindani na Kilwa. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliifuata kinyumenyume, akiwa na kundi la watu waliokombolewa utumwani na kuletwa Unguja. Nia ilikuwa kuwarudisha kwao ziwani. Walipofika Masasi, chini ya yale majabali ambayo mpaka leo ndiyo alama ya mji, wakaona hapa panatosha, na kijiji kikaanza. Miaka 6 baadaye, Septemba 1882, Wangoni ambao wenyeji waliwaita Magwangwara waliivamia Masasi wakachoma na kuteka. Padri Chauncy Maples akahamishia kazi Newala, juu ya uwanda. Hakuwa peke yake kupiga hesabu hiyo. Katika karne ile ya kuviziana, uwanda wa Makonde ulikuwa na vichaka vinene vya kujifichia na kingo ambazo mvamizi hazipandi bila kuonekana. Usalama ulikuwa juu. Maji yalikuwa chini.

Nimeifuata njia hiyo kwa basi na kwa bodaboda, nikiwa na swali ambalo si la misheni wala la Wajerumani: ilikuwaje nchi hii ya korosho ikaingia katika maandiko ya watu wanaochunguza neva, wale wanaotafuta jinsi ya kuuokoa ubongo na uti wa mgongo pale pumzi inapokatika? Jibu limekaa jikoni, ila mtu hawezi kulifikia bila kupita kisimani kwanza.

Kutoka Masasi barabara huvuka mto Mwiti, halafu huanza kupanda. Ukishafika mjini Newala, simama pale wanapopaita Shimo la Mungu. Ardhi hukatika ghafla na bonde la Ruvuma hulala chini hadi Msumbiji. Mvua ya uwandani si haba, lakini udongo wa juu ni kichanga. Hunywa kila kitu. Mito haipo. Maji huzama, yakaibuka chini ya miteremko kama chemchemi, na kwa vizazi vingi kazi ya kuyafuata huko na kuyapandisha kichwani ilikuwa ya wanawake na wasichana. Weule alisimuliwa hadithi ya asili ya Wamakonde: babu wa kwanza alikaa bondeni karibu na mto, watoto wake wakazaliwa wafu, ndipo akahamia juu na mtoto akaishi. Wazee walikuwa wameona uhusiano kati ya maji yaliyotuama na vifo, na wakalipa gharama ya kuishi mbali nayo.

Miaka ya 1950 ulianzishwa mradi wa maji wa Makonde, wa kuyasukuma kwa mashine kutoka chemchemi za Mitema, upande wa Kitangari, hadi vijijini juu. Ulikuwa mradi mkubwa kwa wakati wake, na tangu hapo historia ya Newala inaweza kuandikwa kwa kufuata siku ambazo pampu ilifanya kazi na siku ambazo haikufanya. Maji yakikosekana, watu huhifadhi. Mwaka 1952 hadi 1953 uwanda huu ulipata homa ya kukunja viungo ambayo dunia nzima leo inaijua kwa jina la chikungunya, na wachunguzi waliofika waliwakuta mbu wa Aedes wakizaliana ndani ya vyombo vya maji majumbani. Hilo ni jambo la makala nyingine. Nalitaja kwa sababu lina asili moja na hili la kwetu: uhaba wa maji huingia mwilini kwa milango isiyotarajiwa.

Muhogo ni mmojawapo wa milango hiyo. Unapenda kichanga, unavumilia kiangazi, na unaweza kukaa ardhini mpaka utakapouhitaji. Mihogo michungu ina faida ya ziada, kwamba nguruwe na nyani hawaishambulii kwa hamu. Uchungu wake unaendana na linamarini, kemikali iliyofungwa ndani ya chembe za mmea. Mzizi ukikatwa au kupondwa, kimeng'enya kinachokaa kando hukutana na linamarini na kuivunja, na mwisho wake hutoka sianidi. Mmea hujilinda hivyo. Wapishi wa Afrika, tangu muhogo ulipoletwa na Wareno kutoka Amerika, wamebuni njia nyingi za kuishinda sumu hiyo, na iliyo bora kuliko nyingi ni kuloweka. Muhogo ukikaa majini siku 3 hadi 5 hulainika, huchacha, na karibu sumu yote huisha. Ndivyo wafanyavyo Kongo, kwenye mito isiyokauka. Lakini mwanamke wa Newala aliyepandisha ndoo moja kutoka bondeni ataitia ndoo hiyo kwenye muhogo ulowe siku nne? Hapana. Ataanika.

Bibi mmoja wa Kimakua, katika kijiji kilichoko kati ya Masasi na Newala, alinionyesha namna mbili za kuanika. Ya kwanza ni makopa. Muhogo humenywa, hupasuliwa, huwekwa juu ya dari au mkekani, na huachwa juani wiki moja au mbili mpaka ukauke kabisa. Hata hapo sumu haiishi yote. Wapimaji wamekuta kukausha juani peke yake huacha kama robo hadi theluthi. Ya pili wanaiita chinyanya. Bibi alichukua mizizi mitatu mibichi, akaimenya kwa kisu kilichochongoka kwa kunolewa, akaitia kinuni. Muhogo mbichi ukitwangwa hautoi mlio wa mahindi. Unatoa mlio mzito, wa kitu chenye maji. Akatandaza ule mchanganyiko juani, akaurudisha kinuni ulipoanza kukauka, akauchekecha, akautandaza tena. Jua halijazama alikuwa na unga mweupe wa kusongea ugali wa usiku. Nilimwuliza kwa nini asingoje makopa. "Makopa unayasubiri wiki mbili, mjukuu wangu," alisema. "Hizo wiki mbili watoto unawalisha nini?"

Swali lake lina tarehe. Mwaka 1988 wilaya ya Masasi ilikuwa na upungufu mkubwa wa chakula, na watu wakaanza kuugua baada ya kula ugali wa muhogo: kichefuchefu, kutapika, kichwa kuuma, kizunguzungu, udhaifu, saa chache tu baada ya kunawa mikono. Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na wenzake, akiwamo daktari Msweden Hans Rosling, walilichunguza tukio hilo na kuchapisha matokeo mwaka 1992. Chanzo hakikuwa muhogo mpya wala mchawi, ila unga uliotengenezwa upesi. Njaa ilikuwa imewaondolea watu muda, na chinyanya ikawa njia ya kupata chakula siku ileile. Sumu ilikuwa bado imo.

Watafiti huandika "ukame" na "njaa", na hapo mara nyingi huishia. Mimi naona katika mwaka ule kitu kingine, nacho ni korosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho, nyingi kutoka mikoa hii ya kusini. Kisha ikaja Operesheni Vijiji, watu wakahamishwa mbali na mikorosho yao, bei ya mkulima ikashuka, na ubwiri unga ukashambulia maua. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameporomoka hadi kama tani 16,500. Mwenye fedha ya korosho mkononi hununua mahindi mvua zikimwangusha. Asiye nayo huchimba ming'oko porini na kung'oa muhogo ambao haujafika wakati wake. Kwangu mimi, kinu cha chinyanya cha 1988 kilianza kutwanga miaka 14 nyuma, kwenye mashamba yaliyoachwa.

Sianidi hufanya nini mwilini? Ndani ya kila chembe hai kuna mitokondria, mahali ambapo oksijeni hutumika kuzalisha nishati. Hatua ya mwisho ya kazi hiyo hufanywa na protini moja yenye chuma na shaba, na sianidi huikamata hiyo hasa. Damu inafika, imejaa oksijeni, moyo unadunda, mapafu yanapumua, lakini chembe haiwezi kuitumia. Ni sawa na mtu aliyewekewa sahani ya ugali mbele yake huku mdomo umeshonwa. Anayepata kiharusi hupatwa na kinyume chake: chembe zake zina uwezo wa kula, ila sahani haifiki, kwa sababu damu imeganda ndani ya mshipa au mshipa umepasuka. Njia mbili tofauti zinazofikia mahali pamoja. Na neva ndizo za kwanza kuumia, maana zina njaa kuliko viungo vingine vyote. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mtu, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yake.

Masasi ya 1988 ilikuwa sumu ya ghafla: ukinusurika, unapona. Kuna sumu ya pole pole, na ili kuipata habari yake inatubidi kuvuka Ruvuma. Si mbali. Wamakua wengi wa Masasi wana asili ya upande huo, na njia ya kwenda Nampula ni ndefu tu kuliko hii, si ngeni. Mwaka 1981, katika ukame mkali, watu wa kaskazini mwa mkoa wa Nampula, Msumbiji, walianza kupooza miguu. Hali iliwapata kwa ghafla, wakati mwingine katika siku moja. Miguu yote miwili ilikakamaa, visigino vikainuka, mtu akatembea kwa ncha za vidole huku miguu ikipishana mbele, au akashindwa kabisa. Walioathirika zaidi walikuwa watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Zaidi ya watu 1,000 walihesabiwa. Wenyeji waliiita mantakassa.

Msumbiji ilikuwa vitani, na mawazo ya kwanza yalikuwa ya vita: labda polio, labda virusi vipya, labda sumu ya adui. Rosling alikuwa daktari katika mji wa Nacala wakati huo. Miaka mingi baadaye alisimulia jambo lililomsumbua hadi kifo chake mwaka 2017. Mkuu wa mji alimwuliza kama awaweke askari wazuie barabara, ili ugonjwa usiingie. Rosling, akiwa hajui anapambana na nini, akajibu kwamba kama anaona lazima afanye kitu, afanye. Barabara ikafungwa. Basi la alfajiri halikupita. Akina mama waliokuwa wakienda sokoni kuuza mazao wakaomba wavuvi wawapeleke kwa njia ya bahari. Chombo kikapinduka, wakazama wote, akina mama, watoto na wavuvi. Na ugonjwa haukuwa wa kuambukiza hata kidogo. Ulikuwa muhogo mchungu usiotengenezwa vya kutosha, ulioliwa wiki baada ya wiki bila mboga ya maana.

Jina ambalo sayansi ilichukua ni konzo, kutoka Kongo, ambako daktari Giovanni Trolli aliueleza ugonjwa huo mwaka 1938 katika eneo la Kwango. Katika nchi yetu ulionekana Tarime mwaka 1985, ukachunguzwa na William Howlett pamoja na Brubaker, Mlingi na Rosling, na matokeo yao yakatoka mwaka 1990. Konzo haiui. Haizidi kuwa mbaya baada ya siku za mwanzo, lakini haiponi pia. Mtoto aliyekakamaa akiwa na miaka 6 atatembea hivyo akiwa na 60. Kuna jambo moja katika maelezo ya wagonjwa ambalo halinitoki kichwani nikiwa kwenye njia hii: wengi hupatwa baada ya kazi nzito au mwendo mrefu. Neva zilizokuwa zikiishi kwa pumzi ya kukopa hudaiwa deni lote siku ambayo mwili unahitaji zaidi.

Mwanasayansi anayetaka kuilinda neva dhidi ya kukatika kwa damu atakwambia kwamba hatari haiko kwenye kukatika peke yake. Damu ikirudi, madhara huanza upya. Mitokondria zilizokaa bila oksijeni zimevurugika, na oksijeni ikizifikia kwa mkupuo baadhi yake hugeuzwa kuwa superoksidi na jamii zake, chembe kali zenye elektroni isiyo na mwenzake, ambazo hushika chochote kilicho karibu: mafuta ya utando wa chembe, protini, hata vinasaba. Joe McCord, ambaye mwaka 1969 pamoja na Irwin Fridovich aligundua kimeng'enya cha mwili kinachoituliza superoksidi, aliandika mwaka 1985 makala iliyolieleza jambo hilo kwa madaktari wote. Tangu hapo mantiki ilionekana rahisi mno. Kama chembe kali ndizo zinazoua neva, mpe mgonjwa antioksidanti, kitu kitakachojitoa kishikwe badala ya neva.

Watu walijaribu kwa nguvu. Kufikia 2006 mapitio ya kitaalamu yalihesabu tiba 1,026 zilizokuwa zimejaribiwa dhidi ya kiharusi, maabara na kwa wagonjwa, nyingi zikiwa za kulinda neva. Iliyoleta matumaini makubwa iliitwa NXY-059, dawa ya kunasa chembe kali. Jaribio la kwanza kubwa mwaka 2006 lilionyesha dalili njema. La pili, lenye wagonjwa zaidi ya 3,000, lilitoka mwaka 2007 na halikuonyesha faida yoyote. Kampuni ikaiacha. Japani ndiyo iliyobaki na edaravoni, iliyoidhinishwa huko mwaka 2001 kwa kiharusi, lakini nchi nyingi hazikuifuata. Panya walipona katika makumi ya maabara, binadamu hawakupona. Sababu hutajwa nyingi, na mojawapo haibishaniwi: panya hudungwa dawa mapema, wakati binadamu hufika hospitali saa nyingi zimepita. Kwa hesabu maarufu ya Jeffrey Saver, kiharusi kikubwa huua chembe za ubongo karibu milioni 1.9 kila dakika. Kutoka kijiji cha Newala hadi Mtwara mjini, tena kwa barabara iliyokuwa ya vumbi kwa miaka mingi, dakika ni nyingi sana.

Hapo ndipo kinu cha bibi kinapokutana na maabara, na mkutano wenyewe uko kwenye salfa. Mwili una njia yake ya kuondoa sianidi. Huiunganisha na salfa, ikawa thayosianeti, ikatoka na mkojo. Salfa hiyo hutoka kwenye protini, ndani ya asidi-amino mbili, methionini na sisteini. Na antioksidanti kuu ya ndani ya chembe, glutathioni, haiwezi kutengenezwa bila sisteini. Kwa hiyo akiba ni moja na kazi mbili. Mla muhogo mchungu ambaye kwa miezi mitatu hakuona samaki, kunde wala yai anaitumia salfa yake yote kutoa sumu, huku ngao ya neva zake ikipungua, na sumu inayobaki ikizibana neva hizohizo pumzi. Wapo watafiti wanaoona sehemu nyingine za mnyororo huu zina uzito zaidi, na wengine huitaja sianeti, lakini damu ya wagonjwa inaelekea upande wa ngao hiyo iliyopungua. Mwaka 2014 kundi la daktari wa neva Desire Tshala-Katumbay, Mkongo, lilichapisha vipimo vya watoto wenye konzo vilivyoonyesha alama za mafuta yaliyoharibiwa na chembe kali, na alama hizo zilikwenda pamoja na udhaifu wa kufikiri. Mwaka uliofuata wakaonyesha kwamba watoto hao walikuwa na upungufu wa seleniamu, shaba na zinki. Madini hayo si ya mapambo. Kimeng'enya cha McCord hutumia shaba na zinki. Kile kinachofanya kazi na glutathioni hutumia seleniamu.

Msomaji wa Masasi atauliza kuhusu mabibo. Kila Oktoba hadi Desemba mabibo huanguka kwa tani chini ya mikorosho, yana vitamini C kupita chungwa mara kadhaa, na mengi huoza au huishia kwenye uraka. Nimesikia watu wakidai, kwa sauti ya mtu aliyegundua kitu, kwamba hapo ndipo dawa ya neva ilipolala. Siamini. Dawa zenye nguvu kuliko bibo zimeshindwa mbele ya wagonjwa 3,000, na msimu wa mabibo si msimu wa njaa: njaa huja Januari na Februari, mabibo yakiwa yamekwisha. Kula bibo kwa sababu ni tamu na lina vitamini. Usilipe kazi ya hospitali.

Konzo yenyewe ilirudi kusini. Mwanzoni mwa karne hii wagonjwa wapya walionekana katika mkoa wa Mtwara na huko Mbinga, na mwaka 2011 Mlingi na wenzake walichapisha habari za kurejea huko na za kile walichowafundisha wanakijiji. Njia hiyo ya kulowesha unga ilibuniwa na Howard Bradbury, mkemia wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, na nadhani aliyeibuni alikuwa amewaelewa watu wasio na maji. Unga hutiwa kwenye bakuli, na usawa wake huwekewa alama kwa kidole au kwa mkaa. Maji huongezwa huku ukikoroga. Unga hushuka kwanza, kisha hupanda, na ukifika tena kwenye alama unaacha. Halafu unatandazwa mkekani, unene usiozidi sentimita moja, saa 2 juani au saa 5 kivulini. Kimeng'enya kilichobaki ndani ya unga huamka kwa unyevu ule na kuvunja linamarini, na sianidi hutoka hewani kama gesi. Sumu hupungua mara 3 hadi 6. Ugali husongwa siku ileile. Kiwango kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 10 kwa kilo ya unga. Mwaka wa ukame unga ambao haukupitia hatua hiyo unaweza kuvuka 100, kwa kuwa muhogo wenyewe huzidisha linamarini mvua zikikosekana. Kwenye vijiji vya Kongo ambako njia hiyo ilifuatwa, wagonjwa wapya wa konzo waliacha kutokea.

Nilimweleza bibi wa chinyanya habari hizo. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja tu: kama ladha inabadilika. Nikamwambia walioijaribu wanasema uchungu hupungua. Akasema basi atajaribu, ila mkeka wa unga lazima uwe mwingine, usiwe ule wa kulalia. Sijui mtaalamu gani angeufikiria mkeka.

Mboga ni suala gumu zaidi, kwa sababu haifundishwi kwa semina. Hununuliwa, au hubakizwa isiuzwe. Uwanda na Masasi yote ni nchi ya mbaazi, lakini mbaazi hulimwa kwa ajili ya India. Zina salfa kidogo kuliko samaki au yai, ila mbele ya muhogo ni tajiri. Agosti 2017 India iliweka ukomo wa kuingiza mbaazi na bei huku ikaanguka kiasi cha kuwaacha watu na magunia ndani ya nyumba, wakala mbaazi asubuhi na jioni mpaka watoto wakazikataa. Ukimwambia mkulima wa Newala kwamba ule ulikuwa mwaka mzuri kwa neva za wanawe, kaa tayari kwa majibu yake.